Siku Pikapu Yetu Ilipochinjwa Mamboleo

Kuna watu wanaosisimka wakiingia duka la viatu. Mimi moyo hunienda mbio nikiingia yadi ya magari mabovu. Nikishapita lango la mabati, nikaona zile pua za magari zimepangwa, nyingine hazina taa, nyingine hazina boneti, na harufu ya oili kuukuu ikanipiga, nasahau njaa, nasahau simu, nasahau hata nilichotumwa. Najua mahali fulani humo ndani kuna kitu changu kinanisubiri, na sitatulia mpaka nikipate. Dada zangu husema nilizaliwa na kasoro. Sawa, na iwe hivyo.

Yadi ninayoijua kuliko zote iko Mamboleo, pale Kisumu inapoanza kuisha, na mwenyewe ni mwanamke. Aliianzisha na mumewe. Mume alipofariki, wanaume wa biashara hiyo walikaa wakingoja mjane auze. Wanangoja mpaka leo. Ni mnene, ana sauti ya chini, hufunga leso juu ya ovaroli, na kila mtu anamwita Mama. Mimi ananiita nyar Port, yaani binti wa Port Victoria, kwa sababu ndiko kwetu na ndiko ninakochukua samaki ninaowauza Kisumu.

Kuelewana naye hakukuwa rahisi, maana mimi ni mtu wa moto na yeye ni mtu wa maji. Mara ya kwanza niliingia pale nikasema nataka taa ya nyuma ya pikapu na nina haraka. Akanivutia kiti, akanikaribisha, kisha akaendelea na shughuli zake kana kwamba nimekuja kupumzika. Nilichemka pale kwenye kiti mpaka nikachoka kuchemka. Nilipoanza kumuuliza habari za mvua na za watoto, ndipo akaniuliza, "Ulisema ni taa ya upande gani?" Tangu siku hiyo nikajua kwamba kwa mwenye yadi huingii na haraka yako. Unasalimu, unazunguka, unatazama bila kugusa, na ukikiona unachokitaka unajikaza usiruke. Na usithubutu kuita kitu chochote takataka. Kuna mteja alisema "haya makopo yenu," akaambiwa kwa upole kwamba yadi imefungwa. Ilikuwa asubuhi mapema, lango liko wazi.

Nikaizoea, nikaipenda. Nikawa naenda hata kama sina shida ya spea, napeleka samaki wa kukaanga, tunakula sote tumekalia matairi, na wafanyakazi wananionyesha magari yaliyoingia wiki hiyo. Jambo moja tu lilikuwa likinikosesha raha pale. Waliitaka pikapu yangu.

Pikapu za aina ile zimekwisha barabarani, na wachache waliobaki nazo wanahangaika kutafuta spea. Kwa hiyo kila nilipoegesha, wafanyakazi walikuja kuizunguka. Mmoja alikuwa na mteja wa taa za mbele, mwingine wa usukani. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kisian aliyekuwa akiulizia mlango wa dereva kila wiki. Mwenye yadi naye hupiga boneti makofi mawili laini na kusema, "Nyar Port, hii ikichoka usipeleke kwingine." Nilihisi kama ninayepitisha ng'ombe wangu mnono mbele ya bucha. Nilicheka nao, lakini rohoni nilikuwa macho. Nilimpenda yule mama na sikumwamini, yote mawili kwa pamoja.

Pikapu yenyewe haikuwa yangu hasa. Ni ya mama yangu mzazi. Aliinunua kwa omena, dagaa wa ziwa letu, kwa miaka mingi ya kuanika na kuanua, na alipoacha safari akanipa mimi niendelee. Nikaendelea. Lakini msimu wa mvua uliopita ilinizimikia njiani mara nyingi mno, na mara ya mwisho samaki waliharibika wote, nikalala ndani ya gari kando ya barabara. Mama alikesha akinipigia simu. Asubuhi yake akasema basi, gari liuzwe. Kaka yangu, ambaye yuko Nairobi na hajawahi kubeba hata ndoo ya samaki, alifurahi kuliko ilivyostahili. Akatafuta mnunuzi, mtu wa yadi kule Busia, wakapanga wakutane Port Victoria siku ya Jumamosi.

Nilimsihi mama kwenye simu mpaka sauti ikakauka. Akanijibu, "Lete gari Jumamosi. Ikija kwa miguu yake, tutaongea. Ikija imevutwa na kamba, imeenda." Nikasema sawa. Bila pikapu ile ningebaki muuza samaki wa kungojea lori la mtu mwingine, na sikutaka. Niliitaka ile pikapu, niliitaka barabara ile, niliitaka kazi ile. Sioni haya kusema hivyo.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, pampu ya maji ikafa. Nilikuwa sijafika mbali na Kondele nilipoona mvuke unatoka mbele yangu. Nikaisukuma hivyo hivyo, nasimama, napoza, naondoka, mpaka nikaingia lango la Mamboleo nikiwa nafuka moshi. Nikafungua boneti ipoe. Wakati huo huo kaka akapiga simu. Akaniambia mnunuzi ataondoka Jumamosi mchana, kwa hiyo nisijichoshe, ni bora nimwachie tu aje aivute kutoka Kisumu. Tukagombana. Mimi nikikasirika machozi hutangulia maneno, na siku hiyo yalitangulia mengi. Nilisimama pale nimeweka mkono juu ya pikapu, ninalia kwa hasira mbele ya yadi nzima.

Kisha nikakata simu na akili ikanirudia. Pampu nilijua ipo pale kwa mwenye yadi, nilikuwa nimeiona wiki iliyopita. Kilichokosekana ni gasketi yake, na gasketi mpya ilikuwa madukani Kibuye. Mwenye yadi alikuwa kule nyuma na mteja. Sikutaka watu waniulize kwa nini ninalia, kwa hiyo sikumsalimu yeyote. Nikaacha ufunguo ndani ya gari kama kawaida yangu, nikatoka mbio, nikadandia boda.

Kibuye walinizungusha. Duka hili halina, lile limeishiwa, la tatu mwenyewe ameenda kula. Nilipoipata hatimaye nilikuwa na furaha ya ajabu, naishika gasketi mkononi, namhimiza mwenye boda apite magari yote. Nilikuwa nimeshaiona safari ya kesho, nimeshamwona kaka yangu akikosa la kusema.

Nikaingia langoni na pikapu yangu haikuwa na mlango.

Haikuwa na mlango wowote. Haikuwa na taa. Ilikuwa imepandishwa juu ya mawe, magurudumu yameegemezwa ukutani, na kiti changu kilikuwa nje kwenye kivuli, kimekaliwa na mteja mmoja anayekunywa soda. Fundi alikuwa akitembea na usukani wangu begani. Waliponiona wote waliacha kazi, na mmoja akavua kofia. Mwenye yadi akaja polepole, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, nyathina," akaniambia, kama mtu anayemfariji mtoto wake. "Ungengoja huko nje tumalize. Si vizuri mtu aone yake ikichinjwa."

"Nani amewaambia mchinje?"

"Si ulifungua boneti?"

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo nilikuwa nimeliona mara nyingi bila kulielewa. Mtu akifika mwisho na gari lake, gari lililomlelea watoto, ulimi humwia mzito kusema anauza. Basi pale Mamboleo hawamlazimishi. Anaingia, anafungua boneti, anaacha ufunguo, anaondoka bila kuaga. Wenyewe wanajua. Hela humfuata baadaye kwa simu na hakuna anayempigia kumuuliza maswali. Nilikuwa nimewaona wanaume wazima wakifanya hivyo, wakitoka langoni wakitazama chini, nikadhani wanaenda msalani.

"Na ulikuwa unalia," mwenye yadi akaniambia. "Umeshikilia gari unalia, halafu unatoka bila kuniamkua. Wewe ambaye hupiti bila kunisalimia. Nikasema, leo imemshinda. Nikaambia hawa wafanye haraka, usije ukarudi ukaumia."

"Ilikuwa inapoa, Mama. Rejeta ilichemka."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikaa juu ya tairi, akafunika mdomo kwa leso. Mimi sikumhurumia hata kidogo. Nilisema maneno mengi. Nilisema walikuwa wakiimezea mate siku zote, nilisema wamenivizia, nikawahesabia kesho na mama yangu na mnunuzi wa Busia. Niligeukia hata yule mteja wa soda nikamwambia ainuke kwenye kiti changu, naye akainuka na chupa yake. Nilipokwisha, mwenye yadi aliondoa leso mdomoni.

"Nimechinja gari ya mtu hajaitoa," akasema, kwa sauti ile ile ya chini. Kisha akasimama. "Rudisheni. Kila kitu. Hakuna mtu anaenda nyumbani."

Na hapo, nikiwa bado nina hasira za kupigana, nikaanza kusisimka. Siwezi kuficha. Ukiwaona watu wa yadi wakivunja gari utasema ni mafundi, lakini hujaona kitu mpaka uwaone wakilirudisha. Walimwagika kila upande. Taa zilikutwa langoni, mteja bado anabishana juu ya bei, zikachukuliwa mkononi mwake. Waliofungua nati walijua kila nati imelala wapi, wakaitana kwa Kijaluo na Kiswahili, "omera leta ile ndefu," "hiyo si yake, ya hii iko na kutu huku." Mimi nilikuwa chini ya gari, nimejaa grisi hadi kwenye nywele, ninapokea spana na kurudisha spana. Pampu ikaingia na gasketi yangu ikaikalia sawasawa.

Kikakosekana kitu kimoja, mlango wa dereva. Ulikuwa umeshaondoka juu ya boda kwenda kwa mwalimu wa Kisian.

"Twende," mwenye yadi akaniambia.

Tulienda na pikapu yake mwenyewe. Ni ndugu ya yangu, aina moja, ila yangu ni nyeupe na yake ni ya buluu, buluu ya kung'aa, anaiosha mwenyewe kila Jumapili akitoka kanisani na hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kuigusa. Tulikata mji, tukashika barabara ya Busia, akawa anapita malori huku leso inapepea dirishani, na mimi nimeshikilia dashibodi kwa mikono miwili. Nilikuwa ninapanga maneno ya kumwambia mwalimu.

Tulimkuta nyumbani kwake kando ya barabara. Mlango ulikuwa umeshafungwa kwenye pikapu yake, na mkewe amekaa kwenye kiti cha dereva anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, anasikiliza tu jinsi unavyobana. Mwalimu alitueleza, na uso wote umejaa kicheko, kwamba kwa muda mrefu ameingia gari lake kwa kupitia upande wa abiria, na mkewe amekuwa akiona aibu kupelekwa kanisani na gari lililofungwa kwa kamba. Majirani walikuwa wamekuja kutazama. Nikafungua mdomo. Mwenye yadi akanikanyaga mguu.

"Umekaa vizuri sana," akamwambia mwalimu. "Hongereni."

Akarudi kwenye gari. Nilimfuata nikiwa napasuka.

"Mama, huo ni mlango wangu."

"Ilikuwa yako. Sasa nimeuzia mtu. Mimi nikiuza, nimeuza."

"Na mimi je?"

Akawasha gari. Njia nzima mpaka Mamboleo nilitazama nje kwa sababu ningemtazama yeye ningesema kitu ambacho hakirudishwi. Tulipofika aliegesha, akaomba spana, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya pikapu yake ya buluu. Wafanyakazi wakasimama kutazama. Mmoja alisogea kumsaidia, akamwambia akae kando. Alifungua mlango wake mwenyewe wa dereva, bawaba kwa bawaba, akaubeba kifuani, akaja kuufunga kwenye gari langu. Nikamshikia mlango usimwelemee wakati anakaza, na ndivyo tulivyopatana.

"Kesho naenda na wewe," akasema akijifuta mikono. "Kazi ya haraka namna hii, siwezi kukuachia uende nayo peke yako."

Asubuhi tuliondoka, pikapu nyeupe yenye mlango wa buluu. Nilikuwa na wasiwasi na nilikuwa na furaha. Kila nikisikia sauti namwuliza, "Hiyo ni nini?" na yeye anasema, "Hiyo ni barabara." Pale Maseno tukanyeshewa. Tulipofika Luanda akaniambia nisimame, akainama akagusa pampu kwa kiganja kama anayempima mtoto homa, akasema twende. Tukapita Ugunja, tukakata kushoto Bumala, na ziwa lilipoanza kuonekana mbali kule chini nilianza kuimba. Mwenye yadi akaimba pia, wimbo mwingine kabisa.

Mnunuzi alikuwa hajaondoka. Yeye na kaka yangu walikuwa barazani kwa mama, mbele yao sahani za mifupa ya samaki. Nilizima injini mbele yao, nikashuka, nikangoja kupongezwa. Mama alikuja akichechemea, maana goti lake moja limekuwa likimsumbua. Akaizunguka pikapu yote, akasimama mbele ya mlango wa buluu.

"Sasa inaombaomba milango," kaka akasema, akacheka.

Mnunuzi hakucheka. Alikuwa anajua anachokitazama. Akamwambia mama kwamba kwa vile gari limekuja likitembea, ataongeza kidogo.

Mama akaniangalia, na macho yake yalikuwa yamechoka. "Imekuja, mwanangu, nimeiona. Lakini itarudi?"

Kaka akaitikia kwa kichwa, mnunuzi akasogea na kuweka mkono kwenye boneti kutaka kuifungua, na nikajua nimeikosa.

"Hiyo nimeshafungua mimi," mwenye yadi akasema.

Mnunuzi akaondoa mkono mara moja. "Lini?"

"Jana. Nilishusha mpaka magurudumu."

Mnunuzi akachutama, akaangalia nati za gurudumu, akaangalia bawaba, akaona alama mpya za spana. Akainuka akipangusa mikono. "Basi, ni yako," akasema. Kaka akauliza ni nini kinachoendelea, na mnunuzi ndiye aliyemweleza: gari ambalo yadi moja imeanza kulifungua, yadi nyingine hailigusi. Si sheria ya serikali, lakini anayeivunja hatapata spea kwa mtu yeyote kuanzia Busia mpaka Kisumu, na yeye ana watoto wa kulisha.

Damu ilinipanda kichwani. Nilimgeukia yule mwanamke niliyeimba naye njiani, nikaona kwamba amefika mwisho wa safari yake, ameipata pikapu, na mimi ndiye niliyemleta kwa mikono yangu.

"Sawa," kaka akamwambia. "Basi lipa wewe, uichukue."

"Nitalipa siku nitachinja."

"Na utachinja lini?"

Mwenye yadi akanionyesha kwa kidevu. "Siku huyu ataniambia kwa mdomo wake amechoka. Kwa mdomo. Mambo ya kufungua boneti mimi siamini tena. Na ikisimama njiani, saa yoyote, ananipigia simu, nakuja kuiamsha. Ni mali yangu pia, siwezi kuiacha ilale nje."

Kaka alimtazama mnunuzi, mnunuzi akatazama ziwa. Mimi nililia, na sikuwa na hasira. Mama aliegemea pikapu, akampima mgeni wake kutoka leso hadi viatu vya oili, kwa muda mrefu, jinsi anavyopima samaki wa mtu asiyemjua.

"Na miguu?" akamwuliza. "Huko kwa yadi yako, miguu hakuna?"

Mwenye yadi akachutama papo hapo, akalishika goti la mama kwa mikono yote miwili, akalikunja na kulikunjua taratibu. "Huu haujafika kwangu, Mama," akasema. "Huu ni wa kukaza tu."

Mama yangu alicheka mpaka akashikilia kioo cha pembeni asianguke. Kisha akajifuta macho, akamwambia kaka amsindikize mnunuzi hadi stendi, akamwambia mwenye yadi aingie ndani ale. Mimi akaniacha mwisho.

"Jumatatu omena watakuwa wengi ufuoni," akasema. "Usichelewe."